Jina, Hashiya na Nyongeza: Historia ya Kupanga Maelezo katika Maktaba ya Santuri na Filamu ya Nyumbani

UTANGULIZI

Mtu anayekusanya santuri, kanda na filamu nyumbani mwake hakawii kukabiliwa na swali ambalo wakutubi wamelikabili kwa karne nyingi: kitu hiki kiitweje, na kiwekwe wapi ili kipatikane tena? Mkusanyo wa vitu ishirini hauhitaji mpango. Kumbukumbu ya mwenye nyumba yatosha. Mkusanyo wa vitu elfu mbili usio na mpango si maktaba bali ni ghala, na jambo lililopotea ndani ya ghala halina tofauti kubwa na jambo lisilokuwapo. Tangu vitu hivyo vilipoacha kuwa sahani za kushikwa mkononi vikawa faili za kompyuta, swali hilo limezidi uzito. Faili haina jalada la kutazamwa, wala kipande cha karatasi kilichobandikwa mgongoni. Haina ila jina lake na maelezo yaliyoambatishwa nayo.

Makala haya yanafuatilia historia ya mambo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza ni maelezo ya utambulisho, yaani habari zinazoeleza habari nyingine, ambayo mafundi wa kompyuta huyaita metadata. La pili ni nyongeza: mahojiano, sehemu zilizokatwa, sauti za wafafanuzi, na filamu fupi zinazoonyesha jinsi filamu kuu ilivyotengenezwa. Hoja yenyewe ni kwamba kupanga vitu hivi si kazi ya ufundi mtupu. Kila safu iliyotengwa kwa ajili ya jina fulani ni uamuzi kwamba jina hilo lastahili kukumbukwa, na kila safu iliyokosekana ni uamuzi wa kinyume chake, hata kama aliyeipanga hakukusudia. Kwa lugha za Afrika, na hasa kwa fasihi zinazosikilizwa zaidi kuliko kusomwa, uamuzi huo umekuwa na matokeo yasiyo madogo.

MAELEZO YALIYOFUMWA NDANI YA MATINI

Desturi ya kuambatisha maelezo na kazi si ngeni kwa fasihi ya Kiswahili. Watunzi wa tenzi za kale walikuwa na mazoea ya kumalizia utungo kwa kutaja jina la mtunzi, mwaka wa Hijra, na pengine idadi ya beti. Mwana Kupona binti Mshamu, katika utenzi aliomtungia binti yake, alijitaja na kuutaja mwaka 1275 wa Hijra, yaani 1858 wa Miladi. Beti za namna hiyo si pambo tu. Ziliutambulisha utenzi popote ulipopelekwa. Mnukuzi alipounakili, maelezo yalisafiri pamoja na kazi, kwa kuwa yalikuwa sehemu ya kazi yenyewe na yamefungwa kwa vina na mizani ile ile. Kuyaacha kulikuwa ni kuuvunja utenzi. Idadi ya beti nayo ilikuwa kinga: aliyepata nakala pungufu aliweza kujua kuwa ni pungufu.

Nyongeza nazo zilikuwa na pahali pake. Katika vyuo vya Kiislamu vya pwani, wanafunzi walisomea vitabu ambavyo matini ya asili imekaa katikati ya ukurasa, na sherehe yake, yaani ufafanuzi, imeizunguka au kuiandama, huku hashiya zikiandikwa pembeni. Neno hashiya katika Kiswahili cha kawaida lina maana ya utepe wa pindo la nguo, na maana hiyo yaeleza vizuri kazi yake: hashiya haiwi nguo, lakini huizuia nguo isifumuke. Msomaji wa kitabu cha namna hiyo aliona kwa jicho moja yepi maneno ya mtunzi na yepi maneno ya mfafanuzi, na kwa kawaida alijua jina la kila mmoja.

Mahali pengine pa dunia maelezo yalitengwa na kazi yakawekwa katika orodha. Katika karne ya 3 kabla ya Miladi, Callimachus aliandika orodha ya waandishi na kazi zao katika mji wa Iskandaria, nayo yasemekana ilijaa mafunjo 120. Katika mwaka 1876, huko Marekani, Melvil Dewey alichapisha mpango wake wa kuainisha vitabu kwa tarakimu, na mwaka huo huo Charles Cutter alichapisha kanuni zake za kutengeneza katalogi. Cutter alisema kwamba katalogi yapaswa kumwezesha mtu kukipata kitabu akijua mwandishi, au jina la kitabu, au mada yake. Imwonyeshe maktaba ina nini. Na imsaidie kuchagua toleo lifaalo. Matakwa hayo hayajapitwa na wakati. Ila yalidai jambo moja ambalo utenzi haukulidai: awepo mtu wa kuilinda orodha, kwa maana orodha ikipotea, vitu hubaki bila majina.

SANTURI, NA DISKI ISIYOJUA JINA LAKE

Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za taarabu, santuri zilizotokana na safari hiyo zilikuwa na karatasi ya duara iliyobandikwa katikati. Jina la mwimbaji, jina la wimbo na nambari ya kampuni viliandikwa hapo. Maelezo hayakuwa ndani ya sauti, kama yalivyokuwa ndani ya utenzi, lakini yaligandishwa juu ya kitu chenyewe. Ilimbidi mtu aikwangue santuri ili kuyatenganisha.

Diski ndogo ya Philips na Sony, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, iliukata uhusiano huo kwa namna ambayo wachache waliitambua wakati huo. Diski hiyo ilihifadhi sauti kwa tarakimu, na iliweza kubeba vipande hadi 99, lakini katika mpango wake wa asili haikubeba majina. Ilijua kwamba kipande cha nne kinaanza dakika fulani na sekunde fulani. Haikujua kinaitwaje wala nani anaimba. Majina yalikuwa kwenye karatasi ya kasha tu. Hilo halikuwa tatizo maadamu diski ilichezwa na mashine ya sebuleni. Likawa tatizo mara diski ilipotiwa katika kompyuta, kwa sababu kioo cha kompyuta kilikuwa na nafasi ya kuandika majina, na hapakuwa na majina ya kuandika.

Dawa iliyopatikana ilikuwa ya ajabu. Ti Kan, aliyekuwa ametengeneza programu ya kuchezea diski, alianzisha katika miaka ya mwanzo ya 1990 orodha iliyoitwa CDDB. Programu ilihesabu urefu wa vipande vya diski na pahali kila kimoja kinapoanzia, ikatoa nambari moja, kisha ikaitafuta nambari hiyo katika orodha. Kama diski haikuwamo, mwenye diski aliombwa ayaandike majina mwenyewe na kuyatuma ili wengine wafaidike. Hivyo diski ilitambuliwa kwa umbo lake, kama mtu anayetambuliwa kwa nyayo. Njia hii ilikuwa na ila yake: diski mbili tofauti ziliweza kutoa nambari moja, na msikilizaji wa muziki wa kanisani akaletewa majina ya nyimbo za dansi.

Orodha hiyo ilijengwa kwa kazi ya watu wengi waliojitolea bila malipo. Katika mwaka 1998 iliuzwa kwa kampuni ya Escient, na baadaye ikajulikana kwa jina la Gracenote. Masharti ya kuitumia yalipobadilika, baadhi ya waliochangia waliona kwamba shamba walilolilima kwa pamoja limewekewa ua. Orodha nyingine zikaanzishwa ili maelezo yabaki mali ya wote. Miongoni mwazo ni freedb, iliyodumu hadi mwaka 2020, na MusicBrainz, ambayo ingali ikiendelea. Kisa hiki chastahili kukumbukwa na kila anayekusanya maelezo ya lugha kutoka kwa wenyeji: majina yaliyotolewa bure na wengi huweza kuwa bidhaa ya mmoja, isipokuwa haki zake zimeelezwa tangu mwanzo.

HERUFI THELATHINI

Wakati huo huo nyimbo zilianza kuhifadhiwa katika faili za MP3, nazo vilevile hazikuwa na majina ndani yake. Mwaka 1996 Eric Kemp alibuni namna ya kuongeza mwishoni mwa faili kipande kidogo cha baiti 128, kilichojulikana kama ID3. Kipande hicho kiligawanywa hivi: herufi 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maoni, na baiti moja ya aina ya muziki. Kwa programu za siku zile zisizokijua, kipande hicho kilikaa mwishoni ili kisiuharibu wimbo. Ulikuwa ubunifu wa kusifiwa, na ulienea duniani kote. Lakini vipimo vyake vyafaa kuchunguzwa na mwanalugha.

Kwanza, urefu. Jina la Daniel Owino Misiani, bingwa wa benga, likiandikwa kikamilifu pamoja na jina la bendi yake, yaani "Daniel Owino Misiani na Shirati Jazz", lina herufi 36 pamoja na nafasi. Katika safu ya ID3 lilikatika likawa "Daniel Owino Misiani na Shirat". Mwenye kutafuta neno Shirati hakulipata.

Pili, hati. Kipande hicho kwa kawaida kiliandikwa kwa seti ya herufi za Ulaya Magharibi iitwayo Latin-1. Seti hiyo ina herufi za kutosha kuandika Kifaransa, Kijerumani na Kireno. Haina ĩ wala ũ. Kwa hivyo jina la wimbo wa Kikuyu halikuweza kuandikwa kwa tahajia yake sahihi. Iliandikwa i na u tupu, na tofauti ya irabu, ambayo katika Kikuyu ni tofauti ya maana, ikafutika. Hati ya Kiarabu, ambayo kwayo tenzi za pwani zilihifadhiwa, haikuwa na nafasi kabisa.

Tatu, aina. Baiti moja ya mwisho ilirejelea orodha ya aina 80 za muziki, zilizopewa nambari kuanzia 0 hadi 79. Orodha hiyo ilikuwa na pahali pa polka, na ilibagua aina kadhaa za roki. Haikuwa na taarabu, wala benga, wala chakacha, wala rumba ya Kongo. Mwenye mkusanyo wa taarabu alikuwa na njia mbili: kuziweka nyimbo zake katika fungu la muziki wa "kikabila", au katika fungu la "nyinginezo". Kila njia ilikuwa na uongo ndani yake. Taarabu ni muziki wa mjini wenye historia ya watunzi, vilabu na ala zilizovuka bahari. Kuuita wa kikabila ni kuutoa katika historia yake. Hata hivyo, kipande cha maelezo hakikumruhusu mtu kubisha. Kiliuliza nambari, nacho kilipokea nambari.

Toleo la pili la ID3, lililotokea mwaka 1998, liliondoa nyingi ya kasoro hizo. Safu ziliweza kurefuka, hati nyingi za dunia ziliweza kuandikwa, na jina la aina ya muziki liliweza kuandikwa kwa maneno. Hata hivyo faili zilizokwisha kuandikwa hazikujirekebisha zenyewe. Makosa ya mwaka 1997 yalinakiliwa pamoja na nyimbo kutoka kompyuta hadi kompyuta, kama kosa la mnukuzi linavyorithiwa na nakala zote zinazomfuata. Mhariri wa matini za kale ataitambua hali hii bila kuelezwa.

KUZALIWA KWA NYONGEZA

Filamu ilifuata njia nyingine. Kanda za video za nyumbani, Betamax ya Sony ya mwaka 1975 na VHS ya JVC ya mwaka 1976, ziliiruhusu familia kuimiliki filamu, lakini zilikuwa na mfuatano mmoja tu. Kilichotangulia kilitazamwa kwanza, na kilichowekwa mwishoni kilihitaji kukimbizwa mbele. Hapakuwa na pahali pazuri pa hashiya.

Diski ya leza, iliyoanza kuuzwa Marekani mwezi Desemba 1978, ilibadilisha jambo hilo. Mtazamaji aliweza kuruka hadi sehemu aitakayo, na diski ilikuwa na mikondo miwili ya sauti. Katika mwaka 1984 matoleo ya Criterion yalianza kwa filamu mbili za zamani, Citizen Kane ya 1941 na King Kong ya 1933. Katika King Kong mkondo mmoja wa sauti ulipewa Ronald Haver, mtunzaji wa filamu katika jumba la makumbusho la Los Angeles, naye akaieleza filamu tangu mwanzo hadi mwisho: ilivyotengenezwa, na nani, na kwa hila zipi. Mtazamaji aliweza kumsikiliza au kumnyamazisha. Hiyo ilikuwa sherehe kwa maana yake ya zamani, yaani ufafanuzi unaoandamana na matini bila kuifunika. Ilichukua umbo la sauti, lakini mpango wake ulikuwa ule ule wa ukurasa wenye matini katikati.

Diski ya DVD, iliyotokea Japani mwaka 1996 na Marekani mwaka 1997, iliueneza utaratibu huo kwa watu wa kawaida. Iliweza kubeba hadi mikondo 8 ya sauti na 32 ya maandishi ya chini ya picha. Nafasi hiyo ilijazwa kwa mahojiano, sehemu zilizokatwa, matangazo ya filamu na picha za matayarisho. Mara nyingi nyongeza zilikuwa chambo cha biashara, ili aliyekwisha kuinunua kanda anunue tena diski. Lakini ndani ya chambo hicho mlikuwa na mali ya kweli kwa mwanahistoria. Mwongozaji mzee aliyesimulia jinsi alivyomchagua mwigizaji fulani alitoa ushahidi ambao pengine haukuandikwa kitabuni. Akifa, ushahidi huo ulibaki katika nyongeza, na filamu ilipotolewa tena bila nyongeza hizo, ushahidi ulipotea sokoni.

MAKTABA YA NYUMBANI

Watu walipoanza kuhamisha diski zao hadi kwenye kompyuta, filamu kuu ilihamishwa bila taabu. Nyongeza ndizo zilizoleta matata. Ndani ya diski zilipangwa na menyu. Zikitolewa humo zilikuwa rundo la faili zenye nambari, zisizojulikana ipi ni mahojiano na ipi ni tangazo. Wengi waliziacha. Hivyo mkusanyo mwingi wa nyumbani una matini bila hashiya.

Programu za kupanga filamu nyumbani zilitokana kwa kiasi kikubwa na kazi ya kujitolea iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 juu ya mashine ya michezo iitwayo Xbox. Mradi wa XBMC ulibadilishwa jina mwaka 2014 ukaitwa Kodi. Plex ilichipuka kutoka mradi huo mwaka 2008. Jellyfin nayo ilichipuka mwishoni mwa mwaka 2018 kutoka Emby, baada ya Emby kufunga msimbo wake uliokuwa wazi. Kisa cha CDDB kikajirudia kwa sura nyingine. Programu hizi hufanya kazi kwa utaratibu unaofanana. Husoma jina la faili na mwaka ulioandikwa pamoja nalo, hutafuta jina hilo katika hifadhidata ya mtandaoni, kisha huleta picha ya jalada, muhtasari, jina la mwongozaji na orodha ya waigizaji. Hifadhidata zenyewe ni zao la mikono mingi. IMDb ilianza mwaka 1990 kama orodha za wapenzi wa filamu zilizokusanywa na Col Needham wa Uingereza, ikanunuliwa na Amazon mwaka 1998. TMDb, iliyoanza mwaka 2008, ingali ikijazwa na watumiaji wake.

Nyongeza hupangwa kwa kanuni mbili. Kwa filamu, kila nyongeza huwekwa ndani ya folda ya filamu yake, katika folda ndogo inayotaja aina: mahojiano, sehemu zilizokatwa, matangazo, na kadhalika. Kwa tamthilia za mfululizo, vipindi visivyo na pahali katika mpango wa kawaida huwekwa katika msimu wa sufuri. Kanuni hizi ni nyepesi na zafaa kufuatwa. Ila jina la folda hiyo ndogo hutakiwa liwe la Kiingereza. Folda iliyoandikwa "Mahojiano" huwa haitambuliwi kuwa ni ya mahojiano, hata kama kila neno linalosemwa ndani yake ni la Kiswahili. Programu ile ile yaweza kuonyesha vitufe vyake kwa lugha nyingi, lakini chini ya vitufe hivyo, pale vitu vinapopewa majina ya ndani, lugha ni moja.

Kupanga herufi kuna matata yake pia. Programu nyingi huondoa kibainishi cha Kiingereza mwanzoni mwa jina la filamu ili zisirundikane chini ya herufi T. Huo ni uangalifu mzuri kwa Kiingereza. Hakuna uangalifu unaolingana nao kwa lugha ambazo jina la utanzu hutangulia, na matokeo yake ni kwamba kila Utenzi hukaa chini ya U na kila Hadithi chini ya H. Majina ya watu nayo huumia. Ngũgĩ wa Thiong'o huwekwa na maktaba kubwa chini ya N, kwa sababu Thiong'o si jina la ukoo kwa maana ya Kizungu. Programu inayochukua neno la mwisho kuwa jina la ukoo itampeleka chini ya T, na msomaji aliyefunzwa kumtafuta chini ya N atadhani hayupo.

SAUTI ISIYO NA SAFU

Jambo lenye uzito zaidi ni lugha ya sauti yenyewe. Diski ya DVD hutambulisha lugha ya kila mkondo kwa herufi mbili za mpango wa kimataifa wa ISO 639, uliotolewa mwaka 1988. Kiswahili kilipata herufi sw. Dholuo na Kikamba hadi leo hazina alama ya herufi mbili. Zilipata alama za herufi tatu, luo na kam, katika sehemu ya pili ya mpango huo, ya mwaka 1998. Kwa hivyo diski yenye sauti ya Dholuo haikuwa na njia halali ya kujitaja kwa lugha yake. Sehemu ya tatu, ya mwaka 2007, ilipanua mpango na kugawa Kiswahili: swa kwa jumla, swh kwa Kiswahili cha pwani na sanifu, na swc kwa Kiswahili cha Kongo. Lahaja kama Kiamu na Kimvita zote zimo ndani ya swh. Mtafiti wa lahaja aliyerekodi mashairi Lamu hana budi kuiandika lahaja katika safu nyingine, la sivyo faili yake itasema kweli nusu.

Upungufu ulio mkubwa kupita huo wahusu msimulizi. Tangu miaka ya mwisho ya karne ya 20, vibanda vya video vya Afrika Mashariki vimekuwa na sanaa ambayo haikutegemewa na waliotunga hifadhidata. Filamu ya Hong Kong, ya Bara Hindi au ya Marekani ilionyeshwa huku mtu mmoja akiitafsiri, akiifafanua, akiwapa waigizaji majina ya mtaani na kuwakumbusha watazamaji kisa kilikoanzia. Uganda wasimulizi hao, wanaoitwa VJ, walisimulia hasa kwa Kiganda. Tanzania aliyejulikana kwa jina la Lufufu alisimulia kwa Kiswahili, na Kenya DJ Afro akapata wasikilizaji wengi. Sauti zao zilirekodiwa juu ya filamu na nakala zikauzwa.

Tofauti ya kazi hiyo na ile ya Ronald Haver yapaswa kupimwa kwa haki. Haver alieleza filamu kwa wale walioielewa lugha yake; msimulizi wa kibandani aliitungia upya kwa wale wasioielewa. Kazi ya pili si ndogo kuliko ya kwanza. Ina ufasiri, ina utambaji, na ina hadhira inayojibu. Lakini Haver alipewa mkondo wake wa sauti na jina lake likaandikwa. Msimulizi alichanganywa na sauti ya filamu katika mkondo mmoja, na nakala hiyo inapoingizwa katika maktaba ya nyumbani, programu huitambua kwa jina la filamu ya asili. Huleta jalada la asili, mwongozaji wa asili na waigizaji wa asili. Lugha huonyeshwa kuwa Kiingereza au Kihindi. Mtu pekee ambaye kwa ajili yake nakala hiyo ilihifadhiwa hatajwi popote.

Sababu yake si dharau ya mtu fulani. Hifadhidata hizo zimejengwa juu ya ingizo moja kwa kila filamu. Wakutubi walikwisha kuliona tatizo la namna hiyo. Katika mwaka 1998 shirika la kimataifa la maktaba, IFLA, lilipendekeza ngazi nne: kazi, uwasilisho wa kazi, toleo, na nakala moja moja. Kwa mpango huo filamu ni kazi. Filamu iliyosimuliwa kwa Kiswahili ni uwasilisho mwingine wa kazi hiyo, na mwenye uwasilisho hustahili jina lake. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hashangazwi na ngazi hizo. Ajua kwamba ngano moja ikitambwa na watambaji wawili ni tukio mara mbili, na kwamba utambaji usio na jina la mtambaji, mahali na siku ni ushahidi mlemavu.

HITIMISHO

Historia hii yaonyesha mwendo wa aina moja. Katika utenzi maelezo yalikuwa ndani ya kazi. Katika santuri yalibandikwa juu yake. Katika diski yalitenganishwa nayo kabisa, na tangu hapo yamekuwa yakitafutwa kwa mbali, katika orodha zinazotunzwa na wengine, kwa safu zilizopimwa na wengine. Urahisi umeongezeka kwa kila hatua, na kwa kila hatua mwenye kazi amezidi kuwa mbali na jina lake.

Haifuati kwamba programu hizi ziachwe. Zinatoa nafasi kwa anayejua kuitafuta. Faili ndogo ya maelezo yaweza kuandikwa kwa mkono na kuwekwa kando ya filamu, na programu kama Kodi huisoma badala ya kuuliza mtandaoni. Nakala iliyosimuliwa yaweza kutajwa kuwa toleo la pekee, lenye jina la msimulizi, lugha na mahali. Mkondo wa sauti waweza kupewa alama ya lugha inayosemwa kweli. Mahojiano na mtunzi yaweza kuunganishwa na utungo wake, yasielee peke yake kama kipande kisicho na mwenyewe. Kazi hiyo ni ya dakika chache kwa kila faili ikifanywa siku ya kurekodi. Ikiahirishwa miaka ishirini huwa utafiti, na ikiahirishwa hadi waliojua wamekufa haiwezekani tena.

Jambo hilo lawahusu wanalugha kuliko wanavyodhani wengi wao. Makabati ya walimu na nyumba za watafiti yana kanda na faili za semi, ngano na mashairi, na si chache kati yake zina maneno mawili tu juu yake: jina la kijiji na neno "hadithi". Mtunzi wa utenzi hakumwachia mkutubi wa mbali kazi ya kumtambulisha. Alijitaja, akataja mwaka, akahesabu beti zake, ndipo akaweka kalamu chini.